Sabili ya Bi Shaikha

Bi Shaikha hana adabu, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Tumekaa ukuta kwa ukuta hapa Al Khoudh, Maskati, miaka kumi na minane. Katika miaka hiyo kanitukana mimi, kamtukana mume wangu Awadh, kamtukana imamu kwa kurefusha hotuba siku ya joto, na hakuna mtoto wa mtaa huu ambaye hajakimbizwa na kandambili yake. Ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye goti bovu. Alizaliwa Unguja, akaletwa huku akiwa na miaka minane, na akikasirika huacha Kiarabu na kurudi kwenye Kiswahili, kwa sababu, anasema, matusi ya Kiarabu hayamtoshi.

Alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Shihab, alikufa kwenye barabara kuu ya Sohar, gari lake likiwa chini ya lori, siku ya pili ya Idi. Bi Shaikha hakulia mbele yetu. Siku ya arubaini alimwita fundi, akatoboa ukuta wake wa nje na kuweka jokofu la maji la chuma lenye mabomba mawili, na juu ya paa akapandisha tangi la jokofu hilo peke yake, mbali na tangi la nyumba. Akatundika kibao: sabili, sadaka ya marehemu Shihab, kila anywaye amwombee.

Sabili, maji ya bure ya wapita njia, ziko nyingi Maskati, na wengi wakishaziweka huzisahau. Bi Shaikha aliishika yake kama watu wanavyoshika saumu. Wa nyumbani hakuna aliyekunywa. Kwa miaka tisa yeye mwenyewe alikunywa maji ya jikoni, na mwanawe wa pili, Loai, siku moja aliporudi mpirani koo limemkauka akanyoosha mkono kwenye bomba lile, alichapwa kofi.

"Hayo si yetu," mamake alimwambia. "Tushayatoa kwa Mungu, thawabu zinakwenda kwa nduguyo. Utamnyang'anya maiti?"

Walikunywa mafundi, madereva wa mabasi ya chuo, wanafunzi. Na alikunywa Ochieng, Mkenya wa Kisumu, mlinzi wa skuli ya watoto iliyo ng'ambo ya barabara. Miaka mitatu alivuka kila adhuhuri na chupa yake, akajaza, akalipangusa jokofu kwa kitambaa chake, akasema, "Mungu amweke Shihab pema, mama." Ni Mkristo, msalaba uko shingoni. Bi Shaikha alisema dua ya Ochieng ndiyo anayoitegemea, maana sisi Waislamu wa mtaa tunakunywa kimya kimya kama ngamia.

Mwezi wa sita mwaka ule, Jumatano asubuhi, ardhi ilitetemeka ng'ambo ya Ghuba. Kwetu taa ziliyumba, kabati likafunguka, basi. Lakini kule ng'ambo majumba yaliporomoka, na kando ya bahari ile ile kulikuwa na kinu cha nyuklia. Kabla ya adhuhuri simu zote za Maskati zilikuwa na habari moja: kinu kimepasuka, sumu imeingia baharini.

Na sisi Maskati tunakunywa bahari. Maji yetu yanatoka humo, yanachujwa chumvi, yanaletwa majumbani. Serikali ilisema vipimo ni vya kawaida na maji ni salama. Ikasema mara tatu kwa siku. Upande wa pili, kwenye simu zetu, ilikuja sauti ya mwanamume aliyejiita daktari, hana jina wala hospitali, analia huku anasema tusinywe, tusioge, watoto wetu watatoka vidonda. Sisi, watu wenye shahada za chuo kikuu, tukamwamini anayelia.

Alhamisi saa nne maduka hayakuwa na chupa moja ya maji. Dukani petu wanawake wawili waligombea katoni ya mwisho mpaka mmoja akamng'ata mwenzake sikio. Ruwi, tulisikia, kioo cha duka la dawa kilivunjwa kwa mawe watu wakitafuta vidonge vya ayodini, kinga ya sumu ile. Wifi yangu alivikosa, akanunua dawa ya kahawia ya kupaka vidonda, akawapaka wanawe shingo nzima. Walitembea mtaani kama mbuzi waliotiwa alama ya kuchinjwa.

Hapo mtu mmoja akakumbuka kwamba tangi la sabili lilijazwa Jumanne, siku moja kabla ya tetemeko. Lori la maji lilikuwa limeziba njia na Bi Shaikha alimtukana dereva tukamsikia sote. Tangi zima la maji ya zamani, maji safi. Mtu huyo aliandika hivyo kwenye kundi la simu la mtaa, akafurahi kuwa wa kwanza kulijua. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Jioni ile ile watu arubaini walikuwa ukutani kwake na madumu. Bi Shaikha alitoka, akaweka kiti cha plastiki langoni, akaketi na mchi wa kutwangia mapajani.

"Chupa moja kwa mtu mmoja," alisema. "Dumu sitaki kuliona. Tajiri na fundi mstari mmoja. Asotaka akanywe mkojo wake."

Akamwita Ochieng. Skuli ilikuwa imefungwa lakini mlinzi yuko pale pale. "Baba, we kazi yako kulinda. Nisimamie mstari huu."

"Sawa, mama," alisema Ochieng. "Nitasimama."

Alisimama vizuri, na hilo ndilo lililotuudhi. Mlinzi wa skuli, mgeni, kutuambia sisi wenye nyumba zetu turudi nyuma! Alimrudisha mhadhiri wa chuo aliyejaribu kujaza mara mbili. Alimrudisha Awadh wangu, ambaye alirudi nyumbani akapiga mlango teke mpaka bawaba ikang'oka. Nami nilimpa moyo. Nilisema, "Na kesho akikugusa tena?"

Ijumaa, sala ilipomalizika, mstari ulifika kona ya pili. Jua lilikuwa linaua. Watu walisukumana, mtoto akakanyagwa akalia, mwanamume akamzaba mwenzake kofi na kofia ikaangukia matopeni. Ndipo Loai alipofika na gari la mizigo, madumu kumi nyuma, mkononi spana ya magurudumu. Yeye anakaa Khuwair ya Kusini na mkewe, na walikuwa na mtoto mchanga, Noof. Hakuwa amelala siku mbili, macho yamemwiva.

"Mama, nafungua paipu ya tangi. Nnajaza haya, nakwenda zangu."

"Chukua chupa moja, kama wenzio. Panga mstari."

"Noof ana siku arubaini na tatu. Mamake hana maziwa. Nimkorogee ya kopo kwa sumu?"

"Panga mstari, mwanangu."

"Mstari? Mlangoni kwetu? Nyuma ya hawa?"

"Kwenu ni ndani. Hapa nje ni kwa Shihab."

"Shihab kafa, Mama! Mimi nko hai! Mwanangu yuko hai!"

Nilimwona Bi Shaikha akifumba macho, na nikajua limemwingia. Lau angempa wakati ule, nani angemlaumu? Mjukuu ni mjukuu. Lakini nyuma ya Loai walisimama watu sabini wakingoja kuona kama sabili ni ya Mungu au ni ya mwenye nyumba. Nadhani pia alijua kwamba akimfungulia mwanawe, siku ile ile Shihab angekufa mara ya pili. Alifumbua macho, akasema, polepole, "Panga mstari."

Loai akaiendea paipu inayoteremka ukutani. Ochieng alikuwa amesimama mbele yake, mgongo ukutani, mikono wazi.

"Bosi, tafadhali. Mama amesema chupa moja moja. Kuja, nitakupatia nafasi yangu. Simama hapa mbele, ujazie mtoto."

Loai alimsukuma. Ochieng hakusukumika. Hapo Awadh, mume wangu, baba wa wanangu, aliruka kutoka mstarini akamkamata Ochieng mikono yote miwili, akapiga kelele, "Toka njiani, we mtumwa!" Neno hilo nililisikia. Nililisikia vizuri, na nilikuwa nimeshika chupa.

Spana ilishuka kichwani mwa Ochieng. Sikuwahi kusikia sauti ile kabla, na sasa naisikia nikipasua nazi. Bi Shaikha alipiga ukelele, "Loai!" na Loai akapiga tena. Pigo la pili lilimpata Ochieng juu ya jicho, likamaliza nguvu zake kwenye paipu, na paipu ikakatika.

Maji yaliruka mtaani. Unadhani tulimkimbilia aliyeanguka? Tuliyakimbilia maji. Mstari ulikufa papo hapo. Watu waliruka juu ya Ochieng na madumu, walimkanyaga mikono, walivutana ndevu, mtu akampiga mwenziwe dumu la uso akamvunja pua. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, sisi tuliyazoa. Tuliyazoa kwa vikombe, kwa kofia, mekundu, na mimi nilijaza chupa yangu.

Ndipo Bi Shaikha alipoingia na mchi. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, goti bovu! Alipiga kulia, alipiga kushoto, hakuchagua. Alimpiga mhadhiri mbavuni, alimpiga Awadh mkononi kikavunjika kidole, na mimi alinipiga begani. Chupa ilinitoka. "Wauwaji!" alikuwa anapiga kelele. "Wauwaji wakubwa! Tokeni kwenye maji ya mwanangu!" Alipofika kwa Ochieng aliutupa mchi, akaketi kwenye matope, akakipakata kile kichwa na kukifunga kwa mtandio wake, nywele zake nyeupe nje mbele ya wanaume wote. Alikaa hivyo mpaka gari la wagonjwa lilipokuja. Wakati huo tangi lilikuwa tupu, na Loai na gari lake hawapo.

Jumamosi asubuhi yalikuja malori ya maji ya chupa, na wakaguzi wakathibitisha kwamba kinu kilijizima chenyewe tetemeko lilipoanza. Hakikuvuja. Maji ya jikoni kwangu yalikuwa salama siku zote tatu.

Ochieng alizinduka baada ya siku tisa. Jicho la kushoto halioni na mkono wa kushoto haumtii. Yuko kwao Kisumu. Awadh alifungwa miezi minne. Loai bado yuko gerezani, anahesabu siku. Lakini Jumamosi ile hatukujua lolote katika hayo. Tulijua tu kwamba Ochieng hajazinduka, na kwamba askari wa polisi anapita nyumba kwa nyumba.

Alikuwa kijana, Mzinjibari, asili yake Unguja kama sisi, akatuuliza kwa Kiswahili na kwa heshima. Tulikuwa tumekwisha kupatana, bila hata ya kukaa kikao. Mhadhiri alisema msukumano ulikuwa mkubwa. Awadh, kidole kimefungwa, alisema jamaa aliteleza. Mimi nilisema nilikuwa jikoni. Niliyasema hayo nimesimama mbele ya ukuta wa sabili, bega limevimba chini ya buibui.

Loai alikuwa amerudi. Alisimama langoni nyuma ya kiti cha mamake, amenyoa, amevaa kanzu safi, amempakata Noof.

Askari alichutama ili awe sawa na kikongwe. "Bibi, wewe uliketi papa hapa. Umemwona aliyempiga?"

"Nimemwona."

"Mama," alisema Loai.

"Ni mwanangu huyu," alisema Bi Shaikha. Hakugeuka kumtazama. "Na mwenziwe alomshika mikono ni Awadh, yule pale. Spana nimeiona chini ya kiti cha gari lake."

Kijana yule aliacha kuandika. Alimtazama Loai, akamtazama mtoto, na niliona anamtafutia bibi mlango wa kutokea. Alisema kwa sauti ya chini, karibu kumbembeleza, "Bibi, watu walikuwa wengi, maji yanaruka. Una hakika hukumfananisha na mwengine?"

"Baba," alisema Bi Shaikha, "nilikuwa nao wawili. Nnaye huyu mmoja tu. Ntamfananisha na nani?"