Boti Ndogo, Boti Kubwa na Mama Mkwe

Juzi nilisimama mwaloni hapa Musoma mbele ya boti mbili za injini. Nilizipapasa ubavuni na kuzitazama kwa nyuma, kama mtu wa Bunda anayechagua ng'ombe. Nilitaka moja ya kutuvusha familia kwenda ibadani. Kubwa haisukumiki bila wanaume wanne. Ndogo hainywi petroli nyingi, ila mle tungebanana.

"Chukua ndogo, mzee," alisema muuzaji.

"Mama mkwe wangu atakaa wapi?"

"Kwani anaumaga?"

Kwetu mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake. Marehemu mke wangu ndiye alikuwaga anakaa katikati yetu. Nilikuwa nimefunga na kuomba siku tatu kuhusu boti ya kununua, lakini mama mwenyewe sikumuuliza.

Alikuwa amesimama hatua kumi nyuma yetu, akitazama ziwani. Akamwambia muuzaji polepole, "Mwambie huyo baba anunue ndogo. Wa kukaa katikati hayupo tena. Nitampa mgongo, tutafika."

Jumapili tulivuka hivyo. Tukiwa majini akaniuliza, bila kugeuka, kama nimekula.

"Ndiyo, mama," nikajibu, nikadanganya nikiwa njiani kwenda kanisani.