Pikipiki ya Rangi ya Maksai

Baba alipoacha kula, mimi nilianza kutafuta pikipiki.

Naanza hivyo kwa sababu wenzangu shuleni Kakuma walidhani nimeingiwa na ujana wa uzeeni. Mwalimu wa darasa la nne, mvi zimeshaota kisogoni, anauliza bei za pikipiki za mbio zilizotumika, zile za kuinamia kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Walinicheka chumba kizima cha walimu. Mmoja aliniambia kipenda roho hula nyama mbichi. Niliwaacha wacheke, maana kueleza ukweli kungenitoa machozi mbele yao, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu ninaokunywa nao chai.

Ukweli ulikuwa huu. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa baba kule upande wa Nakalale, mmoja mmoja, na wa mwisho kuanguka alikuwa maksai wake. Kwetu mwanamume huchagua maksai mmoja kwa rangi. Humpamba, humwimbia, na watu humwita mwenye maksai kwa jina la rangi ile mpaka jina lake la kuzaliwa linasahaulika. Wa baba alikuwa mweusi ubavuni, mweupe kuanzia usoni na mgongoni mpaka mkiani. Alipokufa, baba aliketi kando ya mzoga mpaka watu wakaja kumwinua. Waswahili wanasema ng'ombe akivunjika mguu hurudi zizini. Hawakutuambia zizi likiisha mtu arudi wapi. Sisi tulimleta Lodwar, kwa dada yangu, mwenye kibanda cha kushona nguo.

Huko akafunga mdomo. Daktari alimpima, akasema ni uzee na moyo uliochoka, na kwamba dawa kubwa ni chakula. Dada alimbembeleza kwa uji, kwa maziwa ya mbuzi, kwa mchuzi wa samaki wa ziwani. Baba aliutazama mkono wake kwa adabu na hakufungua meno. Ijumaa nilipofika mimi kutoka Kakuma, nikashika kikombe kilekile, alikunywa mpaka chini. Sijui kwa nini mkono wangu. Labda ni kwa kuwa ndimi niliyemchunga yule maksai alipokuwa ndama, kabla sijapelekwa shule. Jumatatu nikirudi kazini, anafunga mdomo tena mpaka Ijumaa.

Unaweza kuhesabu mwenyewe mzee wa aina hiyo atafika wapi. Niliomba uhamisho, nikaambiwa nisubiri. Nilimwomba baba aje Kakuma, akasema ameshahama mara ya mwisho. Gari za abiria haziondoki mpaka zijae, na asubuhi mwalimu mkuu hangojei mtu. Ilibaki jambo moja: nilale Lodwar kila siku, nifundishe Kakuma kila siku, na katikati kuna lami ndefu iliyonyooka, ambayo pikipiki za kawaida za boda huipita zikitetemeka na kulalamika njia nzima. Nilihitaji kitu cha kukimbia.

Nilijifunza vizuri kabla ya kununua. Ndivyo walimu tulivyo, hata kuzama majini lazima kwanza tusome habari zake. Nilijua mtu asiyewahi kumiliki pikipiki ya mbio hapaswi kuanza na kubwa. Nilijua kutazama mnyororo kama umelegea, kupapasa uma wa mbele unaoshika gurudumu kama unavuja mafuta, kuomba injini iwashwe ikiwa baridi, kutazama matairi ubavuni na si juu tu. Nilijua kwamba Lodwar joto la mchana litachemsha injini inayopozwa kwa maji isipotunzwa. Zaidi ya yote nilijua uzito, kwa sababu nyumba ya dada iko mwisho wa njia ya mchanga, na kuna laga njiani zinazokatiza lami bila daraja, mito mikavu inayokumbuka kuwa mito siku isiyotarajiwa.

Nilipata moja hapohapo Lodwar, kwa afisa mmoja aliyekuwa akihamia Kitale. Ilikuwa ya buluu, ndogo, nyepesi, imetunzwa kama kikombe cha wageni. Dada alikuja kuitazama pamoja nami. Hajui pikipiki, lakini aliinua upande wake wa nyuma kwa mkono mmoja, akaniambia, "Chukua hii. Hata ikianguka tutaiinua." Nilimwambia yule afisa nitarudi Jumamosi.

Alhamisi, baada ya masomo, niliingia kwenye kambi ya wakimbizi kununua betri ya redio. Mfanyabiashara ninayenunua kwake ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mtu mrefu wa kanisa, mwenye duka la mabati linalouza kila kitu kuanzia sufuria hadi godoro. Nyuma ya duka, chini ya turubai, ilisimama pikipiki ya mbio iliyoachwa na kijana aliyepata safari ya ng'ambo. Alifunua turubai ili atoe gunia lililokuwa chini yake, si kunionyesha kitu.

Ubavu wake ulikuwa mweusi. Tangi na kiti na mkia vilikuwa vyeupe, na weupe ule ulishuka mbele mpaka kwenye taa.

 Naomba nisieleweke vibaya: mimi nina cheti cha ualimu, naenda kanisani, najua chuma ni chuma. Lakini nilisimama pale na harufu ya ng'ombe ilinijia puani, ndani ya duka la sufuria.

Niliikagua, lakini kama mtu anayekagua mchumba ambaye ameshamtolea mahari. Mnyororo ulikuwa umelegea. Tairi la nyuma lilikuwa limelika katikati. Niliposhika usukani na kuisimamisha wima, uzito wake ulinivuta begani. Mfanyabiashara hakunidanganya. Alisema ni nzito, mchangani itanisumbua, na spea zake ni za kuagiza Nairobi. Akasema ana rafiki mwenye ndogo zaidi. Mimi nilikuwa nimeweka kiganja juu ya tangi. Aliutazama mkono wangu.

"Baba yako iko na ng'ombe ya rangi hii?" akaniuliza.

"Alikuwa naye."

"Sisi pia," akasema, na tangu hapo hakunishauri tena kitu. Aliipangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe. Mwana mwingine wa wafugaji asingeweza kunisaidia zaidi ya hapo, wala asingeweza kunidhuru zaidi.

Dada alipoiona mlangoni kwake alifunga macho. Nilikuwa nimeisukuma kwenye mchanga ule wa mwisho, jasho linanitiririka mpaka viatuni, na injini inatoa joto kama jiko. Aliniuliza iko wapi ile ya buluu. Kabla sijajibu, baba alitoka ndani akishika ukuta. Hatukuwa tumemwona akisimama peke yake kwa majuma mengi. Aliizunguka. Alipapasa tangi, akashuka na mkono mpaka ubavuni, akainama kuangalia chini kana kwamba anatafuta kwato.

"Umemtoa wapi?" akauliza kwa Kiturkana.

"Kakuma. Kwa watu wa Sudan."

"Wale wanajua ng'ombe," akasema. Kisha akaniuliza kama nimeshamnywesha.

Jioni ile alikula ugali, nami nikilia waziwazi mbele ya dada, na sikuona haya.

Basi nikaanza kwenda na kurudi. Alfajiri natoka, saa kumi naanza safari ya kurudi nikiwa nimeinama juu ya tangi, upepo wa moto unanikausha macho. Mgongo uliniuma. Mnyororo ulikatika mara moja na kunitelekeza kati ya mbuzi na vichuguu, mara nyingine maji ya injini yalichemka nikayatuliza kwa maji yangu ya kunywa. Sikujali. Baba alikuwa akitoka nje jioni kungoja mlio, na dada anasema aliusikia nikiwa bado mbali sana, kabla ya majirani wenye masikio mazuri. Nikifika, ananisalimu ejok, lakini mkono unakwenda kwanza kwenye tangi. Halafu ananiruhusu nimlishe. Siku moja nilimsikia akiimba kwa sauti ndogo, ule wimbo wenyewe, na nikajiambia kwamba nimeshinda. Hata furaha ile sikuiamini sawasawa. Kila nikiisukuma mchangani nilijua nimenunua kitu nisichokiweza.

Kisha mvua ikanyesha, si kwetu, bali milimani kule mbali. Anga la Kakuma lilikuwa jeupe kabisa nilipoondoka shuleni. Nilipofika kwenye laga moja katikati ya safari, palikuwa na magari yamepanga foleni na watu wamesimama ukingoni. Lami ilishuka ikaingia kwenye maji mekundu, ikatokea ng'ambo.

Kwenye laga zetu kuna vijana ambao kazi yao siku ya mafuriko ni kuvusha pikipiki. Hupitisha magogo mawili chini yake, wanne huiinua mabegani, huingia majini wakipiga kelele. Nilizitazama boda zikivuka moja baada ya nyingine, nyepesi, matope yakidondoka. Ilipofika zamu yangu waliinua, wakaweka chini, wakaita wengine, wakainua tena. Aliyewaongoza alicheka kwa huruma.

"Mwalimu, hii haibebeki. Hii ni ngamia amelala."

Jua lilikuwa linashuka. Nilifikiria kikombe mkononi mwa dada na meno yaliyofungwa, na nikafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Kulikuwa na boma la mama mmoja mchoma makaa juu ya ukingo. Nikamwomba aniwekee pikipiki, nikaifunika kwa matawi, nikavua viatu. Vijana walinishika mikono tukavuka, maji kifuani, nikapata lori ng'ambo lililokuwa limegeuza kurudi Lodwar. Nilikuwa nimelowa, lakini nilijisifu. Nilimchagua baba nikaacha chuma.

Nilimkuta amesimama kwenye uzio, amekodolea macho njia.

"Maksai yuko wapi?"

Nikamweleza laga imejaa, nimemwacha kwa mama mchoma makaa.

"Ni mtu wa kwetu?"

"Simjui, baba."

Dada akatoka na kikombe. Nilikichukua, nikamsogezea mdomoni kama siku zote. Aliutazama mkono wangu kwa adabu, vilevile alivyokuwa akiutazama wa dada.

"Mtu haachi maksai mtoni akaja kunywa uji," akasema. "Rudi."

Nilimsihi. Nilimwambia ni pikipiki, baba, ni chuma, unajua ni chuma. Nadhani alijua. Hakuwa mwendawazimu, na naomba msije mkanifariji kwa neno hilo. Alikuwa amekubali kuwa hai kwa masharti fulani, na masharti hayo nilimletea mimi mwenyewe kutoka Kakuma, nikiyasukuma mchangani. Nikimpa maksai, basi mimi ni mchungaji wake, na mchungaji hamwachi maksai wa babake kwa mtu asiyemjua, maji yakiwa yanapanda. Nilikaa naye na kikombe mpaka uji ukaganda. Hakunywa. Hakuniambia neno lingine lolote ila lile moja, tena bila hasira: nirudi.

Kulipopambazuka nilipanda boda ya kwanza. Laga ilikuwa imeshuka, imeacha matope yanayonata na samaki wadogo wamekufa. Mama mchoma makaa alikuwa ameitunza pikipiki kuliko nilivyostahili. Alikuwa ameifunika kwa shuka lake. Ilikataa kuwaka mpaka jua lilipopanda. Nikaja nayo taratibu, mnyororo unalia, nikipiga hesabu ya kikombe kimoja, nusu kikombe, hata kijiko. Kwenye mchanga wa mwisho nilizima nikaanza kusukuma, na hapo nikaona wanawake wa jirani wameketi nje ya nyumba ya dada, kanga vichwani. Hakuna aliyenisalimu. Walisogeza miguu ili nipite nayo.

Dada alisema baba alikata roho asubuhi, ameegemea ukuta. Alikuwa akimuuliza kila mara kama mlio umesikika, na dada, kwa kumhurumia, mara ya mwisho alimwambia ndiyo.

Ndugu za baba walifika siku ile, wengine kwa miguu. Walikaa mchangani na kuniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mwana wa kiume, ni maksai gani atachinjwa, maana mzee kama yule hapelekwi kaburini bila ng'ombe. Nikasema hakuna. Mmoja wao aliitazama pikipiki iliyosimama kivulini, matope yamekauka kwenye ubavu mweusi. Aliitambua rangi, akageuza uso.

Tulinunua mbuzi sokoni, wa rangi iliyopatikana.