Almasi ya Mama Pini

Almasi ya Mama Pini ilikuwepo, ila kuiona ndiyo ilikuwa shughuli. Pete ya uchumba ilikuwa imekaa kidoleni mwake miaka kumi na saba, na wachache waliowahi kusema lolote juu ya jiwe lake walisema pole.

Alikuwa fundi wa magauni ya maharusi, na jina lake alipewa na wateja kwa sababu huongea pini zimemjaa mdomoni. Kazi ilimtaka apige magoti mbele ya mabinti wa watu akipunguza pindo, huku mkono wa binti ukining'inia sawasawa na pua yake. Ndiyo kusema almasi alikuwa anaziona kwa karibu kuliko sonara. Nyingine kubwa hadi zinapinduka kidoleni kwa uzito. Akitaka kuiona ya kwake, inabidi asogee dirishani.

Alijisema sana kwa hilo. Mwanamke mwenye watoto wawili wa sekondari na goti linalolia kama bawaba, leo anavionea kijicho vidole vya mabinti. "Huu si wivu," alijiambia, "ni utafiti." Akacheka peke yake mpaka pini ikamchoma mdomo, na akaona imemstahili.

Kilichompeleka kwa sonara ni bibi harusi mmoja mwenye huruma. "Mama, jiwe la pete yako limedondoka," alimwambia. "Usisogee, litakuwa hapa kwenye zulia." Kabla Mama Pini hajajibu, binti na mama yake walishapiga magoti wanapapasa. Sasa aseme nini? Aliona aibu kuwaambia ukweli, akainama naye akatafuta. Robo saa nzima watu wazima watatu walitambaa wakitafuta almasi iliyokuwa kidoleni kwa mwenyewe. Mwishowe akawashukuru, akasema ataendelea kutafuta akifagia.

Kesho yake akaenda kwa sonara. Mzee huyo aliibana lenzi jichoni, akaitazama pete muda mrefu.

"Lipo," alisema hatimaye.

Akamweleza utaratibu. Jiwe dogo linabaki dukani, mteja anaongezea kidogo, anawekewa kubwa. Ila dukani kwake hakuna anayebadilisha jiwe kabla hajavaa la majaribio wiki nzima, pete yenye kioo kilichochongwa kwa saizi ile ile anayoitaka. "Watu wengi wanalipenda jiwe kabla hawajaishi nalo, mama," alisema, akamvisha.

Kilichobaki ni mumewe, na hapo ndipo penye mtihani. Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno machache, na pete ile aliinunua akiwa bado anajifunza kazi. Mama Pini aliona kwamba kumwambia jiwe lake halitoshi ni sawa na kumwambia yeye mwenyewe hatoshi. Alikuwa anampenda mume wake, na hakutaka kumuumiza kwa ajili ya kitu kinachong'aa. Basi akafanya kile wanachofanya watu wazima wenye busara zao: akaficha. Kioo alikivaa akifungua chumba chake cha kushonea, akakivua akifunga na kurudisha pete yake.

Siku tatu alitamba. Alipima viuno kwa madaha, akawanyooshea kidole wateja kuwaonyesha choo kilipo bila wao kuuliza. Siku ya nne kioo kikanasa kwenye lesi ya bega, gauni likiwa mwilini mwa mwenyewe, harusi ni Jumamosi. Na huyu ndiye fundi aliyewavua wateja bangili na saa miaka yote, akiwahubiria kwamba lesi haina urafiki na kitu chenye ncha. Sasa yuko hapo, mkono juu ya bega la mtoto wa watu, haendi mbele wala harudi nyuma.

"Usitikisike, mwanangu," alisema kupitia pini. "Aliyenasa ni mimi."

Alikata nyuzi tatu kujiokoa, kisha akainama mchana kutwa kuliziba tundu. Akatoka pale amechoka kiasi kwamba alifika nyumbani, akapakua chakula na kukaa mezani, kioo bado kinang'aa kidoleni.

"Hiyo mpya," mumewe alisema.

Mama Pini alikuwa na hotuba tatu alizozitunga kwa ajili ya siku hiyo. Zote zikamkimbia. "Ni kioo tu," alisema. "Cha majaribio. Letu halionekani, baba watoto. Si kwamba ni baya. Halionekani tu." Akaanza kulia, na huku analia akajiona alivyo kituko, akaanza kucheka.

Mumewe aliweka kijiko chini. "Kwani unadhani sijui?"

"Unajua?"

"Unafikiri kwa nini tukienda harusini nakushika mkono huo mwanzo mpaka mwisho?"

Mama Pini aliutazama mkono wake. Mkono huo ndio uliokuwa fahari yake. Kwa mkono huo alimhubiria mdogo wake kwamba wanaume wa siku hizi hawajui kupenda, aje aone wa kwake asivyomwachia ukumbini. Wateja nao walishayasikia mahubiri hayo, wengine mara mbili. Kumbe mahaba yote yale yalikuwa kifuniko.

"Ulikuwa unalificha jiwe," alisema.

"Nilikuwa naona aibu. Kabadilishe, mama watoto. Na mimi nipumue."

Ruhusa aliyoogopa kuiomba ikawa imeletwa mezani bila kuombwa, na ilimuuma kuliko kukatazwa. "Tukiweka kubwa," aliuliza, "mkono utaushika?"

Fundi wa lifti hasemi lifti ni nzima mpaka aipande mwenyewe juu hadi chini. Mumewe alifikiri. "Sijui," alisema. "Sijawahi kuuacha nikaona inakuwaje."

Asubuhi Mama Pini alimrudishia sonara kioo chake. Sonara akamuuliza kama kilikuwa kikubwa mno.

"Hapana," alisema. "Kingemwachisha kazi mume wangu."

Jumamosi walialikwa kwenye harusi ya binti wa lesi. Walisimama mlangoni mwa ukumbi kama watu waliokutana kwenye foleni, kila mmoja na mikono yake. Mumewe aliunyoosha wake kidogo, akaurudisha mfukoni.

"Sasa nikiushika utasema naficha," alisema.

"Nitasema," Mama Pini alikiri. Alijuta kuuliza, alijuta kujua, na alijiona mjinga wa mwisho kutamani kudanganywa tena kama zamani.

Wageni walikuwa wanapita, wanasalimiana, wanatazamana mavazi na vidole. Mumewe alisimama kidogo, kisha akamzunguka kwa nyuma, akaja upande wake wa pili, akamshika mkono usio na pete.