Siku Antena Ilipokaanga Samaki

Kwetu ni mlimani, karibu na Magunga, na mtandao tunao. Nyanya yangu anaishi ng'ambo ya Mbuga ya Ruma, mahali ambapo simu haishiki kitu. Alikuwa amevunjika nyonga, hawezi kusafiri, na mchumba wa dada yangu na watu wake walikuwa wanakuja Jumamosi na ng'ombe wa mahari. Akatuma neno: hakuna ng'ombe wa kupokelewa kabla hajamwona huyo kijana kwa macho yake.

Nikasema nitamwonyesha.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Mambo ya mawimbi nilijifunza mwenyewe kwa video za simu: unachukua karai, unatundika kifaa kidogo cha waifai mbele yake, unalielekeza kwa karai la mwenzako. Mama alinipa la zamani. Nikalikataa kwa sababu lilikuwa limebonyea ubavuni, nikachukua lake jipya. Binamu yangu alifunga lingine kwa nyanya, tukamulikiana kwa vioo vya kunyolea mpaka makarai yakatazamana.

"Twiga wakisimama katikati je?" binamu aliuliza mara tu tuliposikizana.

Alikuwa anatania. Mimi nililala nikiwafikiria hao twiga.

Jumamosi asubuhi nyanya alionekana vizuri kabisa kwenye skrini ya simu yangu. Wageni walipoketi tu, akapotea. Nikakimbia nje. Juu ya mlingoti nilipolifunga hapakuwa na karai.

"Mama! Karai liko wapi?"

"Liko kazini," alijibu kutoka jikoni. Lilikuwa motoni, limejaa mafuta na samaki aina ya ngege.

"Mama, hiyo ni antena!"

"Leo ni karai. Ama unataka wakwe wale hiyo intaneti yako?"

Shangazi zangu wakacheka mpaka mmoja akakalia kuni. "Kale kadude kako ka waifai kako kabatini, na vikombe," Mama akaongeza. "Chukua lile la zamani. Lina shida gani?"

Nilipanda na lile lililobonyea, pamoja na kadude kangu. Nikalifunga, nikaligeuza kidogo, nikaligeuza tena. Ndani, dada yangu akapiga kelele: "Nyanya huyo!"

Kwanza tuliona sikio, maana nyanya alidhani ni simu ya kuweka sikioni. Binamu akaigeuza simu. Picha ilikuwa inakwamakwama, lakini macho yake yalikuwa makali vilevile.

"Simama nikuone," alimwambia kijana.

Akasimama.

"Geuka."

Akageuka taratibu, baba yake akimtazama. Dada yangu alikuwa ameshika pazia kama anataka kuling'oa.

"Mbona mwembamba hivyo?" nyanya akauliza. "Mpeni samaki. Halafu pokeeni ng'ombe."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani hata Ruma vilisikika. Mama akaingia na sinia linalofuka moshi.

"Ngoja," nyanya akasema. "Hao samaki nao niwaone."

Nikamsogezea kamera.