Kufuli Tatu za Sanduku la Karungu

Wanawake wa chama cha mama yangu pale Karungu hawakuwa na akaunti ya benki. Walikuwa na sanduku la bati, chini ya kitanda cha mama, lenye kufuli tatu. Kila kufuli ilikuwa na ufunguo mmoja, na kila ufunguo ulikuwa na mwenyewe. Ili lifunguke, wenye funguo wote watatu lazima wawepo, wanachama wengine wakitazama. Ufunguo hautumwi, unakuja na mwenyewe. Na anayevunja kufuli, amevunja chama.

Najua utauliza, kwa nini wasiweke pesa kwenye simu? Walijaribu. Simu ya mweka hazina ilitumbukia ziwani akiosha omena, wale dagaa wetu, na laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la marehemu mumewe. Kuirudisha hiyo laini kulichukua mwezi mzima. Na benki je? Benki iko Migori. Mwanamke akienda huko, ameacha omena wake juani, na mvua ikinyesha akiwa kwenye foleni, atakuta wameoza. Basi wakabaki na sanduku.

Nilipofika nyumbani likizo kutoka Nakuru, ninakofundisha, nilimkuta mama hana raha. Mzee mmoja wa Migori alikuwa anauza mashine ya kusaga unga, nzima, kwa bei ambayo chama kingeiweza. Angewangoja hadi Jumamosi saa sita mchana tu. Lakini wenye funguo wawili walikuwa wamesafiri, na kila mara mama alipowapigia, walimjibu kwamba mambo ya ufunguo hayasemwi kwenye simu.

"Mwaka jana tulikosa kibanda sokoni kwa sababu ya ufunguo mmoja," mama aliniambia. "Mimi ndiye niliyewaambia hawa wanawake mashine itakuja. Tukiikosa, naacha uenyekiti. Nitawaangalia na macho gani? Nyathina, mwanangu, wewe mguu wako bado mzuri. Niletee hao watu wawili."

"Na wa tatu?"

"Dani Rusalina?" Mama alicheka kidogo. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na bibi huyu anakaa ng'ambo tu ya ua wetu. "Huyo haendi popote. Ufunguo wake anauvaa shingoni kama rozari."

Alhamisi, saa moja asubuhi, niliondoka. Ufukweni wanawake walikuwa wameshatandaza omena kwenye nyavu, na mmoja akanipigia kelele, "Mwalimu, usirudi mikono mitupu! Mahindi yangu yako tayari!" Njia nzima hadi Migori niliyatazama mahindi mashambani, yamekauka vizuri.

Saa nne nilikuwa Migori. Nilianza kwa yule mzee. Aliiwasha mashine ili niisikie, akapaza sauti juu ya ngurumo yake, "Jumamosi saa sita! Saa saba namwita mnunuzi wa Awendo!"

Min Okoth, yaani mama yake Okoth, mwenye ufunguo wa kwanza, alikuwa kwa binti yake, nyuma ya soko. Binti alikuwa amejifungua pacha, Opiyo na Odongo. Nilipotaja ufunguo, Min Okoth aliniwekea Opiyo mikononi.

"Kwanza shika huyu."

Nikamshika. Akanipa na Odongo. Nilipokuwa nimejaa watoto kiasi cha kushindwa kusimama, ndipo akasema.

"Ufunguo sina. Usinikasirikie umebeba watoto."

"Uko wapi, mama?"

"Nilikuwa nakuja Migori. Mji huu una vidole virefu! Nikampa mwenzangu wa ufunguo, Nyar Kabondo, aniwekee. Lakini mwenyekiti asijue. Sheria ni sheria."

Nilimweleza polepole kwamba mwenyekiti atajua tu, kwa sababu sanduku halitafunguka kwa aibu. Alicheka mpaka Odongo akaamka. Nililala hapo, nikala wali wa uzazi ambao haukuwa wangu, na kesho yake akafungasha tukaondoka pamoja.

Ijumaa, saa nne na nusu, baada ya Rongo, Kisii na Oyugis, tulishuka Kosele. Huko nyuma mahindi, huku viazi vitamu; vimerundikwa kando ya barabara, vyekundu na vikubwa kama paja la mtoto. Nyar Kabondo alikuwa nyuma ya rundo mojawapo. Aliolewa Karungu lakini kwao ni huku, ndiyo maana anaitwa binti wa Kabondo. Alikuja kumzika kaka yake, akabaki kumsaidia wifi yake kuvuna.

Alipomwona Min Okoth, kicheko chake kikakatika.

"Yawa! Umekuja kuchukua ufunguo wako?"

"Wangu na wako pia. Twende nazo."

Nyar Kabondo alianza kupanga viazi ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Nilikuwa nakuja matangani," alisema. "Mtu anayelia haangalii mkoba. Funguo mbili, na mimi nalia? Nikaziacha kwa mtu mwaminifu."

"Nani?"

"Dani Rusalina."

Nilikaa juu ya gunia. Funguo zote tatu zilikuwa hatua hamsini kutoka kitanda cha mama, na mimi nilikuwa Kosele.

Min Okoth ndiye aliyeanza kucheka. Wifi wa Nyar Kabondo akatoka ndani kuuliza kuna nini, naye akaelezwa, akacheka. Tukapewa gunia la viazi la safari.

Saa nane tulikuwa Homa Bay, tumeshapita Kendu Bay, na njaa imetukamata. Min Okoth alikataa katakata kula samaki.

"Mtu wa Karungu ale samaki wa Homa Bay? Watanizika wapi?"

"Kula ugali na macho yafumbe," Nyar Kabondo alimjibu. Min Okoth akala samaki, na mifupa akainyonya. Kutoka hapo kupitia Rodi na Ndhiwa, walibishana ni nani atamwambia mwenyekiti. Waliamua ni mimi.

Nilimwambia mama jioni hiyo hiyo, huku akimenya viazi. Kisu kilisimama. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema tu, "Kesho saa mbili. Watu wote."

Jumamosi, saa mbili, wanawake walijaa sebuleni. Dani Rusalina aliingia na mkongojo wake, akavuta uzi kutoka kwenye gauni. Funguo tatu zikagongana.

"Dani," mama alisema, "ulikuwa nazo zote? Na mimi nimemtuma mtoto mpaka Kosele?"

"Aliyeziacha aliniambia nisimwambie mwenyekiti." Dani alimkabidhi kila mtu ufunguo wake. "Na wewe hukuniuliza. Ulisema mimi siendi popote."

Mama alijaribu kukunja uso, akashindwa. Nyumba nzima ikalipuka. Kufuli zikafunguliwa moja, mbili, tatu, na hakuna shilingi iliyokuwa imeguswa. Saa tano na nusu tulikuwa Migori. Mtu wa Awendo hakuitwa.

Nimejifunza nini? Kilicholilinda sanduku hilo hakikuwa bati. Ni bibi mmoja aliyeweza kulifungua siku yoyote, na hakulifungua. Lakini uaminifu wa watu ishirini umebebwa na shingo moja, na shingo hiyo ikiugua je? Mama naye aliliona hilo. Jumatatu tulirudi Migori, kwenye benki, na wenye funguo wetu watatu. Foleni ilikuwa ndefu kweli, na fomu moja tuliijaza mara mbili, lakini safari hii omena waliachiwa jirani, kwa zamu. Jaribu hivyo, wewe msomaji ambaye chama chako bado kina sanduku.

Kijana wa benki alieleza kwa upole kwamba watia sahihi watakuwa watatu, na mmoja akisafiri, wawili wanatosha.

Dani Rusalina alifikiri kidogo.

"Mmejitahidi, mjukuu wangu," alimwambia. "Sisi alikuwa anatosha mmoja."