Matao Yasiyokinga Mvua

Sogeza kiti, msikilizaji, nikueleze kwa nini siwezi kupita mbele ya jengo moja pale Kitale bila kusaga meno. Nitakwenda polepole. Ualimu umenizoesha hivyo, na hasira ikielezwa mbiombio haieleweki.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa nafundisha historia katika shule moja upande wa Bumula, Bungoma. Kulikuwa na somo la miji ya zamani, na mji niliopenda kuchora ubaoni ni ule wa Wahispania kule Amerika. Nilianza na uwanja wa mraba katikati. Hapa kanisa, pale nyumba ya serikali, kisha barabara zilizonyooka zikitoka uwanjani. Nyumba za kuzunguka uwanja zilikuwa na matao mapana mbele, na chini ya matao njia yenye kivuli.

"Matao ni ya nini?" niliuliza. Darasa zima likajibu urembo. Nikawaambia wafikirie mtu anayeuza kitu siku nzima, jua likiwaka, mvua ikija. Yeye ndiye aliyejengewa tao. Sikuwaficha pia kwamba mawe yale yalibebwa na watu walionyang'anywa nchi yao.

Aliyeshindwa kuelewa nilimwambia akifika Kitale aitazame veranda ya shangazi yangu.

Veranda haikuwa yake kwa hati. Ilikuwa ya duka la vitambaa lililojengwa na Mhindi enzi za walowezi: kuta za mawe, nguzo nene, na paa la mabati lililoteremka hadi juu ya njia ya miguu. Babu yangu, baba yake shangazi, alikuwa mmoja wa waliobeba mawe hayo. Jengo lilipokwisha, alihudumiwa kupitia dirisha la pembeni, kama Waafrika wote. Verandani tu ndipo aliposimama bila kufukuzwa.

Binti yake akaja kuweka cherehani papo hapo. Desturi unaijua: unanunua kitambaa ndani, unatoka, fundi aliye mlangoni anakupima. Na Kitale mvua hunyesha alasiri. Watu walikimbilia verandani, wakasimama wakingoja ikatike, na katika kungoja mtu anakumbuka suruali yake haina pindo. Shangazi alisomesha watoto wake kwa mvua hiyo.

Halafu jengo likauzwa. Mwenyewe mpya alikuwa mtu aliyetajirikia mahindi, na alitaka kitu cha kisasa. Jumamosi moja nilimkuta mkandarasi wake verandani, ameshika picha ya jengo litakalokuja.

"Mwalimu, hii ni Kihispania," akaniambia. "Si unaona matao?"

"Na veranda?"

"Hiyo inaenda. Inakula nafasi, bana. Duka litasonga mpaka barabarani."

Shangazi alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Hakuinua kichwa. "Ati Hispania? Mimi hata mpaka wa Malaba sijavuka."

"Usijali, mathe. Tukimaliza utarudi, tutakuweka chini ya tao. Utakaa kama malkia."

"Malkia gani anashona sare za shule?"

Nilichukua kijiti nikamchorea mkandarasi pale chini, kwa upole kabisa, kama ninavyomchorea mwanafunzi. Tao la Wahispania linabeba paa, nikamwambia, na chini ya paa watu wanapita. Ukiondoa paa umebaki na nusu duara. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Mwenyewe anataka ile ya kwa picha, mwalimu."

Walibomoa. Mawe ya babu yakapakiwa kwenye trekta yakaenda kujaza mashimo ya barabara iendayo mji mdogo wa Kwanza. Jengo jipya likapanda, rangi ya boga lililoiva, na ukutani wakabandika matao ya saruji. Niliweka kiganja changu kupima kina chake. Kiganja kilizidi.

Shangazi alirudi kama alivyoahidiwa, nami nikamsaidia kubeba cherehani. Akaketi chini ya tao. Alasiri mvua ikaja. Sketi nyekundu ya mtoto fulani ikachuja rangi juu ya mashati meupe aliyokuwa amemaliza kushona, nami nimesimama na mwavuli, nisijue nimfunike yeye au mashine. Askari wa mlangoni akatoka. "Mathe, sogea kidogo. Unafunga mlango." Watu walitupita mbio, mifuko ya plastiki vichwani, wakielekea kituo cha mafuta.

Siulilii ukoloni, nielewe vizuri. Ulimpitisha babu yangu dirishani. Lakini kivuli kile alikijenga yeye, kikawa chetu, na tulikibomoa wenyewe tukiwa huru, kisha tukachora mfano wake ukutani na kuuita maendeleo.

Sasa shangazi anashonea Bungoma, kwenye veranda moja ya zamani karibu na reli. Ameanza upya na umri ule. Wateja aliowajua kiuno na bega wamebaki Kitale, na hakuna anayesafiri mpaka Bungoma kukunjiwa pindo.

Basi ukionyeshwa picha ya jengo jipya mjini kwenu, weka kidole mbele ya mlango na uulize: mvua ikinyesha, mpita njia atasimama wapi? Usikiondoe kidole mpaka ujibiwe.