Boriti Zilizoingia Hadi Stoo

Injinia wetu ametutoka. Habari zilinikuta hapa Busia nikinywa chai ya asubuhi, na chai yenyewe ikapoa kikombeni. Wasomaji wangu wa Tororo walimjua kama binti wa kule Mukuju aliyesomea ujenzi. Sisi wa upande wa Kenya tulimjua kama mwanamke asiyebembelezeka. Nilimpenda kwa sababu hiyo hasa.

Alipochora roshani ya jengo ninamopanga, ile inayoning'inia juu ya barabara ya mpakani bila nguzo chini yake, mwenye nyumba alimjia juu. Boriti za chuma zilitokeza nje kidogo tu, kisha zikarudi ndani mara mbili ya urefu huo, juu ya stoo yake ya mchele. Jirani yake alikuwa amechomelea zake ukingoni mwa jengo, basi.

“Injinia, mimi nataka balkoni ya kukaa na mama watoto jioni. Chuma yote hii inaingia stoo kutafuta nini?”

“Inatafuta kushikwa, Mzee. Hewa haishiki chuma.”

“Lakini ni watu wawili tu.”

“Leo wawili. Siku msiba inapita hapa chini, wapangaji wa plot yote watapanda hapa juu. Utawafukuza?”

Hapa kwetu jeneza likipita kazi husimama, na aliye ghorofani hutoka roshani kumuaga marehemu. Mzee alikubali huku akinung'unika kwamba wanawake wa Tororo ni wagumu.

Mji wetu unapanda ghorofa mbiombio, na kila mtu anataka kinachoonekana kutoka barabarani. Hasira hunipanda nikiona roshani zilizobandikwa ukutani kama masikio ya kikombe. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tunachora tukifikiria jioni tulivu ya watu wawili, halafu inakuja siku yenye ukoo mzima.

Jumamosi jeneza la Injinia lilipita kwenda mpakani, safari ya Mukuju. Tulitoka sote: mafundi cherehani, wapangaji, akina mama na watoto mgongoni, hata nikakosa pa kuweka kiwiko. Nililia, wala sikuona haya. Chini ya miguu yetu hakuna kilichotikisika. Mzee, kofia mkononi, aligonga sakafu kwa kisigino chake, akaniinamia.

“Alituhesabu sisi wote,” akasema.

Nawe unayejenga, wahesabu na watakaokuja.